Nilimkimbia mtu wa ustawi wa jamii hospitalini: niliyojifunza nikimuuguza baba

Baba alianguka alfajiri akitoka bafuni. Tulipomfikisha hospitali, upande wake wote wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umepinda, na maneno yamekwisha kabisa. Kiharusi. Sasa umepita mwaka na miezi kadhaa, na tangu hapo watu wanne wenye wagonjwa wodini wamenipigia kuniuliza waanzie wapi. Kila nikijibu najikuta naanza na mtu yuleyule, ambaye mimi mwenyewe nilimkimbia kwa siku nane.

Alikuja siku ya tatu. Mama mmoja wa makamo, kavaa kitambulisho shingoni, kashika daftari. Akaniambia anatoka ustawi wa jamii na angependa tuzungumze kidogo kuhusu mzee na nyumbani. Nikamjibu haraka, "Asante mama, sisi tuko sawa, hatuna shida." Akaniuliza kama anaweza kurudi siku nyingine, nikasema tutamtafuta. Kesho yake nilipomwona mlangoni nilitokea upande wa pili, nikakaa nje mpaka alipoondoka.

Nieleze kwa nini, maana najua si mimi peke yangu. Kichwani mwangu ustawi wa jamii walikuwa watu wa kushughulikia mgonjwa aliyetelekezwa, mtoto asiye na wazazi, na yule anayeshindwa kulipa bili. Kukaa naye kwenye benchi, ndugu wa wagonjwa wengine wakiangalia, niliona ni sawa na kutangaza kwamba tumeshindwa kumtunza baba yetu. Nilikuwa na hofu nyingine pia, kwamba ataandika kwenye faili kuwa nyumba yetu haifai, au sisi watoto hatufai.

Basi siku ya kumi, kwenye raundi ya asubuhi, daktari akauliza, "Nyumbani kuna mtu wa kumhudumia mzee?" Nikajibu, "Yupo." Akauliza kama tuko tayari, nikasema tuko tayari. Raundi ikasogea kitanda cha pili.

Ukweli ulikuwa hivi. Mama ana magoti mabovu, hawezi kuinua hata ndoo iliyojaa nusu. Mimi kazi yangu ni toka asubuhi hadi jioni, na ruhusa yangu ilikuwa inaisha. Mdogo wangu anaishi mbali. Kaka yetu mkubwa hakuwa anazungumza na baba kwa mwaka wa pili. Choo kiko nje ya chumba, na kufika ni lazima upande ngazi tatu zisizo na pa kushika. Haya yote niliyajua, na hakuna aliyeyajua hospitalini, kwa sababu mtu ambaye kazi yake ni kuyauliza nilikuwa namkwepa. Siku ya kumi na moja baba akaruhusiwa.

Tulikaa naye nyumbani siku sita tu.

Nilikuwa nimeambiwa abadilishwe ubavu kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Nilikuwa nimeambiwa pia asinywe maji mepesi hivihivi, anyweshwe yaliyoongezwa uzito kidogo, akiwa amekaa wima, na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula. Mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye aliyempima kumeza, na maelezo alinipa vizuri. Lakini niliambiwa mimi, na mimi mchana sikuwepo. Mama akimwona mumewe ana kiu anamwinua kichwa juu ya mto na kumpa maji. Usiku nilikuwa naamka mara mbili, siku ya nne nikaamka mara moja, siku ya tano sikusikia kengele kabisa. Siku ya sita baba alikuwa na homa, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na chini ya mgongo, pale kwenye mfupa wa makalio, ngozi ilikuwa imefunguka kidonda cha ukubwa wa kizibo cha chupa. Maji yalikuwa yameingia njia ya hewa, mapafu yakashika maambukizi.

Nilipomgeuza nikaona kile kidonda nilikaa sakafuni. Hiyo ndiyo gharama ya neno "yupo". Baba alilazwa tena siku kumi na tisa. Ruhusa yangu kazini ilikuwa imekwisha, nikaingia kwenye likizo isiyo na malipo, na akiba niliyoiweka miaka mitatu ikamalizikia kwenye dawa, usafiri na vifaa ambavyo vingine sikuvihitaji, kwa kuwa nilinunua kwa kubahatisha.

Safari ya pili yule mama hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akavuta kiti akakaa ili macho yake yawe usawa wa macho ya baba, akamgusa mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Shikamoo, baba."

Baba akasema, "Marahaba."

Nilikuwa nimesimama na chupa ya maji mkononi. Ndilo neno la kwanza nililolisikia kwa baba tangu alipoanguka. Baadaye mtaalamu wa usemi alinifafanulia kwamba ni jambo linalojulikana: kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo huweza kumnyang'anya mtu uwezo wa kutunga maneno, ilhali salamu, kuhesabu au sala alizozirudia maisha yake yote zikatoka zenyewe. Kwa hiyo haukuwa muujiza. Lakini kwa wiki zote zile tulikuwa tunazungumza juu ya kitanda chake, sisi na madaktari, kwenda na kurudi, na hakuna aliyekuwa amemwamkia mzee.

Ndipo akanigeukia mimi. Hakuniuliza kama tuko tayari. Aliuliza, "Jana usiku saa nane, nyumbani kwenu, nani angekuwa macho?" Nikanyamaza. Akauliza nani yuko na mzee kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Akauliza kutoka kitandani hadi chooni ni hatua ngapi na katikati kuna nini. Akanipa karatasi akaniambia nichore nyumba. Nikachora, na nilipofika kwenye zile ngazi tatu nikaanza kulia. Alisubiri. Kisha akasema maneno ambayo nayarudia kwa kila anayenipigia: "Mwanangu, mimi sikuja kukuhesabia makosa. Nikijua ukweli, wenzangu wote watapanga juu ya ukweli. Usiponiambia, watapanga juu ya nyumba ambayo haipo."

Hapo nikaanza kuelewa jinsi timu ile inavyofanya kazi. Kabla ya hapo niliwaona kama watu wanaopita kitandani mmoja mmoja, kila mtu na lake. Daktari anaona ubongo na shinikizo la damu, na dawa za kuzuia kiharusi cha pili. Nesi anaona ngozi, joto na usiku ulivyopita. Mtu wa mazoezi anaona mguu na bega, na ndiye aliyenikanya nisimwinue baba kwa kuvuta mkono uliolegea, maana bega linaweza kuteguka. Mtaalamu wa tiba kazi anaona kama anaweza kufunga kifungo, kushika kijiko, kukaa chooni. Mtu wa lishe anaona uzito. Wote hao wanamwona baba aliye kitandani. Mtu wa ustawi ndiye anayebeba habari za baba mwenye nyumba, mke, madeni na ugomvi na mtoto, akazipeleka mezani kwa wenzake kabla hawajaamua.

Niliona kwa macho inavyofanyika. Daktari alikuwa anataka kumruhusu Ijumaa, kwa sababu homa ilikuwa imeshuka na kitanda kinahitajika. Mtu wa mazoezi alitaka wiki moja zaidi. Mama wa ustawi alileta ile karatasi niliyochora, akasema ngazi zile hazina pa kushika, na mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku bado hajafundishwa. Hakubishana na dawa wala na mazoezi. Wakakubaliana Jumatano, siku tano mbele, na kila mmoja akajua cha kufanya ndani ya siku hizo. Mtu wa mazoezi akabadilisha zoezi, badala ya kumtembeza ukumbini akaanza kumfundisha kupanda ngazi tatu.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hofu yangu ya mwanzo ina mizizi ya zamani. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimwajiri Mary Stewart, anayehesabiwa mtu wa kwanza wa ustawi wa jamii hospitalini nchini Uingereza, na kazi aliyopewa hasa ilikuwa kuwachuja wagonjwa, nani kweli hana uwezo na nani anatibiwa bure ilhali anaweza kulipa. Kumbe nilichokiogopa kweli kilikuwepo. Lakini akikaa na watu akaona mengine: mgonjwa anaandikiwa dawa na pa kulala hana. Mwaka 1905, kule Boston, daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital akafikia jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Alichoka kuona mgonjwa anapimwa vizuri, anashauriwa vizuri, kisha anarudi kwenye maisha yaleyale yaliyomletea ugonjwa. Akamleta Garnet Pelton, muuguzi, afuatilie hayo, na baadaye Ida Cannon akaishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Niliposoma habari za Cabot nilimkumbuka baba na ile glasi ya maji.

Kikao cha familia ndicho kilichogeuza mambo. Kama utachukua kitu kimoja katika haya, kiwe hiki: omba kikao cha familia, ukiombe mapema, na uombe mgonjwa awepo. Mimi nilitaka kifanyike ofisini, sisi wazima tu, tusimchoshe mzee. Mama wa ustawi akakataa kwa upole. Baba akaletwa kwa kiti cha magurudumu, akawekwa kati ya mama na daktari, na mezani mbele yake zikawekwa kadi mbili kubwa zilizoandikwa NDIYO na HAPANA.

Kaka naye alikuja. Sikuamini nilipomwona mlangoni. Kumbe alikuwa amepigiwa simu mara mbili na yule mama, na mara ya kwanza hakuombwa aje, aliulizwa tu hali yake. Waliyozungumza siyajui hadi leo, na sijawahi kuuliza.

Kila mtaalamu alisema lake kwa dakika chache, kwa maneno tunayoyaelewa. Halafu tukaanza kugawana kazi, na mimi nikasema, kama kawaida yangu, "Kumuogesha nitaendelea mimi." Mama wa ustawi akainua mkono. Akamuuliza baba, taratibu, "Baba, unapenda binti yako akuogeshe?"

Baba aliangalia meza muda mrefu. Kisha mkono wa kushoto ukasogea, ukatua kwenye HAPANA.

Zile siku sita nyumbani, kila nikimwosha aligeuza uso ukutani. Nilidhani ni ugonjwa, nikadhani hata hanitambui. Alikuwa anaona aibu, mzee wa watu, na hakuwa na maneno ya kusema. Kaka akasema, "Nitamuogesha mimi, asubuhi kabla sijaenda kazini." Baba akaweka mkono kwenye kadi nyingine. Nimekuwa mzazi wa pili katika nyumba ile tangu nikiwa kijana, nimezoea kuamua, na sikuwa nimejua kwamba naweza kumuumiza mtu kwa kumhudumia.

Jambo la pesa na sahihi linahitaji neno lake. Wiki ileile ndugu mmoja alikuja wodini na karatasi, akitaka tumwekee baba dole gumba ili fedha zake benki zitolewe kulipia matibabu. Nia haikuwa mbaya, na mimi nilikuwa nimeshamshika baba mkono. Mama wa ustawi ndiye aliyetusimamisha. Akasema, "Asiyeweza kusema bado anaweza kuamua." Daktari na mtaalamu wa usemi wakakaa na baba, wakamuuliza mambo kwa kadi na picha, wakarudia kwa namna nyingine na siku nyingine kuhakikisha anaelewa. Alikuwa anaelewa, na aliyetaka asimamie fedha zake alikuwa mama. Sheria za mambo haya hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo muulize mtu wa ustawi wa hospitali yako kabla hujamgusisha mgonjwa wino. Dole lililowekwa kwa haraka linaweza kugawanya familia kwa miaka.

Siku tano zile zilikuwa za kufundishwa. Hapa nawaomba sana mnaouguza: usikubali kuelezwa tu. Sema, "Naomba nifanye mimi, nesi aniangalie." Mama alifundishwa kumpa baba maji huku mtaalamu wa usemi amesimama pembeni, akamrekebisha mara tatu mpaka akaweza. Kaka alimgeuza, akamwosha, akasafisha kidonda. Mimi nilijifunza dawa. Tukaambiwa tuwe na daftari moja, kila mwenye zamu aandike saa, alichofanya na alichokiona. Ustawi wakanisaidia barua ya kumweleza mwajiri wangu hali ilivyo, jambo ambalo wiki tatu nilikuwa naona aibu kuliomba. Kiti cha magurudumu tulikiazima mpaka alipoweza kutembea bila msaada, na kumbe utaratibu wa kuazima ulikuwepo toka siku ya kwanza.

Nisidanganye kuhusu mipaka yao. Mtu wa ustawi hana fuko la fedha. Hawezi kumlazimisha ndugu ampende mzazi, hawezi kumwamuru daktari. Yule wetu alikuwa na wodi nyingi, siku nyingine namsubiri hadi jioni asionekane, na mara moja ujumbe wangu ulipotea kabisa nikakasirika. Hapo nilijifunza kuandika maswali yangu, kumwachia nesi wa zamu, na kumuuliza jina la mtu anayeshika nafasi yake akiwa hayupo. Kama hospitali yako haina mtu huyu wodini, muulize nesi kiongozi nani anashughulikia mpango wa mgonjwa kwenda nyumbani. Lazima kuna anayeifanya kazi hiyo, hata kama ana kazi nyingine pia.

Uliza pia habari za siri. Mimi niliuliza waziwazi, nikajibiwa waziwazi: yanayohusu matibabu na usalama wa mgonjwa hushirikishwa timu, mengine ya familia hubaki kwake, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Baada ya jibu hilo ndipo nilipomweleza ya kaka na baba. Ningeuliza siku ya tatu, huenda kile kidonda kisingekuwepo.

Na mimi je? Hili nalisema kwa ajili ya mwenye kuuguza anayesoma usiku. Wiki ya pili baada ya kurudi nyumbani yule mama alipiga simu, akaongea na baba, akaongea na mama, kisha akaniuliza nalala saa ngapi. Nilimjibu juu ya dawa za baba. Akauliza tena. Nilikuwa nimepungua, nalia nikiwa ndani ya gari la abiria, nikisikia simu ikilia moyo unaruka. Alinipangia nionane na mshauri, na akatuambia tumwangalie na baba pia, kwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na ndugu huidhani ni uvivu wa kufanya mazoezi. Baba alikuwa nayo. Alitibiwa, na mazoezi yakaanza kusogea.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Kaka na baba hawajawa marafiki. Wanakaa kimya pamoja kila asubuhi, mmoja anamwaga maji, mwingine anainua mkono anapoambiwa. Maneno ya baba yamerudi machache. Ngazi zile tatu sasa zina chuma cha kushika pande zote mbili.

Faili letu la ustawi lilifungwa mwezi wa sita. Daftari bado liko juu ya kabati. Jana ilikuwa zamu ya mdogo wangu, aliyekuja likizo, na ameandika kwa mwandiko wake mbaya: saa tatu usiku, dawa kameza, maji kanywa amekaa, kaenda chooni mwenyewe, kanikataza nisimfuate.